Kupe, kidonge na siku ya kazi ya mbwa

Mwaka 1968 mbwa wa jeshi la Marekani waliokuwa Vietnam walianza kutokwa damu puani. Wengi walikuwa German Shepherd, na kabla ya damu walikuwa tayari wamekonda, wamekataa chakula na kuchoka mapema. Hadi kufikia 1970 walikuwa wamekufa mbwa kati ya 200 na 300. Chanzo kilikuwa Ehrlichia canis, bakteria anayejificha ndani ya seli nyeupe za damu na kusafirishwa na kupe wa kahawia wa mbwa, Rhipicephalus sanguineus. Bakteria huyo hakuwa mgeni kwa sayansi, kwani watafiti wa Kifaransa walikuwa wamemweleza huko Algeria mwaka 1935. Wala hakuwa mgeni kwetu: katika orodha ndefu ya majina ya ugonjwa huu kwenye vitabu vya tiba ya mifugo, moja linautaja kuwa ni maradhi ya mbwa wa kufuata nyayo, na jingine ni maradhi ya kutoka damu ya Nairobi.

Wamarekani walijibu kwa kuwapa mbwa tetrasaiklini kila siku, wawe wazima au wagonjwa, sambamba na kupambana na kupe kambini. Kwa dharura ya wakati ule ulikuwa uamuzi wenye mantiki, maana dawa iliwazuia bakteria kujijenga mwilini. Lakini dawa ile haikumgusa kupe mwenyewe, ambaye aliendelea kunyonya na kuzaa, na ukitumia kiuavijasumu kila siku kama chumvi unakaribisha usugu. Ninalolichukua Vietnam ni somo la hesabu. Mbwa aliyeumwa na kupe leo huonyesha homa baada ya siku 8 hadi 20, kisha mara nyingi hupata nafuu bila tiba na kurudi kazini. Vimelea hubaki mwilini kimyakimya kwa miezi, pengine kwa miaka, halafu kwa baadhi ya mbwa uboho unaacha kutengeneza damu. Hapo ndipo pua inapovuja. Anayesimamia fedha anaona akiba ya dawa ya kupe katika robo hii ya mwaka, ilhali hasara inaangukia kwenye bajeti ya mwaka ujao, chini ya kifungu kingine, pengine wakati wa msimamizi mwingine. Kwa kuwa viwili hivi havikai ukurasa mmoja, kinga ya bei rahisi huonekana ya busara kila inapojadiliwa.

Suala hili limezidi kuwa zito Afrika Mashariki kwa sababu mbwa wa kazi wameongezeka na wamekuwa wa gharama. Tangu mwaka 2014 African Wildlife Foundation imekuwa ikiendesha mpango wa mbwa wa kunusa pembe za ndovu na nyara nyingine katika bandari na viwanja vya ndege. Hifadhi ya Virunga nchini Kongo ina bloodhound wa kufuata majangili. Na kampuni za ulinzi za Nairobi na Dar es Salaam zina mabanda yaliyojaa mbwa wa doria. Malinois aliyeletwa kutoka Ulaya amegharimu ununuzi, usafiri na miezi ya mafunzo, tena amefunzwa pamoja na mwongozaji wake. Akiugua, watumishi wawili wamesimama. Tiba ya kawaida ya ehrlichia ni doksisaiklini kwa siku 28. Katika kikosi chenye mbwa wanne, hiyo ni robo ya nguvu kazi kwa mwezi mzima, na hapo tumechukulia kwamba ugonjwa uligunduliwa mapema. Kipimo sahihi cha kinga, basi, ni gharama ya siku moja ambayo mbwa yuko salama na anaweza kufanya kazi. Bei ya chupa au ya kidonge ni sehemu tu ya gharama hiyo. Na tukipima hivyo, swali la gharama na swali la usalama yanakuwa swali moja.

Chukua njia iliyozoeleka kuliko zote: dawa ya kuogeshea ng'ombe. Amitrazi ya asilimia 12.5 ipo katika kila duka la pembejeo, na mfugaji anaijua kwa sababu ya ndigana. Mililita 2 katika lita moja ya maji hutoa mchanganyiko wa asilimia 0.025, kiwango ambacho hata madaktari wa mbwa wamekuwa wakikitumia kutibu upele wa demodeksi. Kwa hiyo kosa haliko kwenye dawa yenyewe. Liko kwenye kifuniko cha chupa kinachogeuzwa kipimo na ndoo isiyojulikana ujazo wake. Zikimiminwa mililita 10 badala ya 2, mbwa ameogeshwa dawa yenye ukali mara tano, kisha analamba manyoya yake, jambo ambalo ng'ombe halifanyi kwa kiasi kile. Sumu ya amitrazi humfanya mnyama asinzie, mapigo ya moyo yapungue, joto la mwili lishuke na sukari ya damu ipande. Kwa mbwa wa nyumbani dalili hizo zitaonekana haraka. Kwa mbwa wa doria aliyetembea tangu alfajiri, uzito wa hatua utaitwa uchovu au jua kali. Isitoshe, amitrazi iliyokwisha kuchanganywa na maji haidumu. Huvunjikavunjika, hasa maji yakiwa na asidi, na ndiyo maana chokaa hutiwa kwenye majosho yanayoitumia. Dawa iliyobaki kwenye bomba tangu wiki iliyopita inaweza kuwa dhaifu, kwa hiyo kikosi kilekile kinaweza leo kumzidishia mbwa na Jumamosi kumpunja.

Ivermektini ya sindano ni mbaya zaidi. Kwa kipimo cha ng'ombe haitoi kinga ya kutegemewa dhidi ya kupe wa mbwa, na kwa koli na jamaa zake wenye hitilafu katika jeni ya MDR1 huingia kwenye ubongo na inaweza kuua. German Shepherd nao wamo, kwa uwiano mdogo, katika aina zenye hitilafu hiyo.

Upande wa pili kuna vidonge vya kundi la isoksazolini, ambavyo vilianza kuingia sokoni kati ya 2013 na 2014. Mbwa anakitafuna, dawa inaingia kwenye damu, na kupe anayenyonya hupooza kwa sababu mifereji ya kloridi katika neva zake imezibwa. Neva za wadudu na kupe hudhurika kwa dozi ndogo sana kuliko ile inayodhuru za wanyama wanaonyonyesha, na humo ndimo unamokaa usalama wake. Vipo vya kila mwezi, maana yake dozi 12 kwa mwaka, na ipo fluralaneri ya wiki 12, maana yake dozi zisizofika 5. Kuogesha kila wiki ni mara 52. Anayelinganisha bei ya kidonge kimoja na bei ya chupa moja amesahau maji, bomba, glavu na saa za mwongozaji mara 52, pamoja na wiki zile ambazo kikosi kilikuwa porini na hakuna aliyeogesha mbwa. Wiki hizo ndizo zenye kupe wengi.

Hata hivyo hesabu ya kidonge nayo ina mtego, na wauzaji hawana haraka ya kuuonyesha. Muda wa wiki 12 haulingani kwa kila kupe. Lebo ya Marekani inatoa wiki 12 kwa kupe wa kahawia wa mbwa lakini wiki 8 tu kwa Amblyomma americanum. Kupe huyo hayupo kwetu, lakini mbuga zetu zimejaa ndugu zake wa jenasi hiyohiyo, na kwa mbwa anayelala nyasini ningepanga bajeti kwa wiki 8 hadi daktari wa mifugo aseme vingine. Dozi zinapanda hadi 6 au 7 kwa mwaka, yaani nusu ya gharama imeongezeka kabla kidonge cha kwanza hakijanunuliwa. Uzito nao una lake. Kidonge cha miligramu 1000 ni cha mbwa wa kilo 20 hadi 40: Malinois anaingia katikati bila shida, ila springer spaniel hukaa karibu na mpaka wa chini, na bloodhound mkubwa huvuka ule wa juu. Kuna wanaonunua kidonge kikubwa na kukikata wagawie mbwa wawili. Huo ni ubahili unaojidanganya, maana watengenezaji hawahakikishi kwamba dawa imeenea sawasawa katika kila kipande. Dawa hutolewa pamoja na chakula pia, kwa kuwa tumbo tupu hufyonza kidogo.

Pingamizi kubwa dhidi ya vidonge ni usalama, na linastahili jibu la kweli. Septemba 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba dawa za kundi hili zimehusishwa na kutetemeka kwa misuli, kupepesuka na degedege kwa baadhi ya mbwa, wakiwemo ambao hawakuwahi kuwa na kifafa. Haikuziondoa sokoni, iliona bado ni salama kwa mbwa walio wengi. Kwa mbwa wa kazi uzito wa tahadhari hiyo ni tofauti kidogo. Degedege moja katikati ya msako linaweza kumjeruhi mbwa na kumweka mwongozaji hatarini, na dawa iliyomezwa haitapikwi baada ya wiki. Hubaki damuni na haina kiua sumu maalumu. Lakini hoja hiyo inatufundisha namna ya kuanza. Mbwa mwenye historia ya kifafa asipewe bila daktari kupima upande wa pili wa mizani. Mbwa mwingine yeyote apewe dozi yake ya kwanza akiwa mapumzikoni, karibu na daktari, siku kadhaa kabla ya zamu. Na anayekataa kidonge kwa hofu ya degedege, kisha akarudi kwenye chupa ya ng'ombe, amekimbia hatari adimu iliyoandikwa kwenye lebo akaingia kwenye hatari ya kawaida ambayo hakuna aliyeiandika popote.

Kuna pingamizi la pili ambalo mimi naliona zito zaidi. Kidonge hakimzuii kupe kuuma; lazima anyonye ndipo afe, na kwa kawaida kufa huko huchukua saa kadhaa hadi siku nzima. Kwa babesia wa Ulaya, ambaye huhitaji takriban siku mbili kuamka katika mate ya kupe, muda huo unatosha. Kwa ehrlichia hautoshi kila mara: jaribio lililochapishwa 2013 lilionyesha kupe wa kahawia akiambukiza ndani ya saa 3 tangu ajishikize. Hapo kola yenye flumethrini na imidaklopridi, inayodumu hadi miezi 8, ina faida ya kumfukuza au kumuua kupe kabla hajatulia, japo kuogelea na sabuni hupunguza nguvu yake. Kola hizo zina kero zake kwa mbwa wa kazi, kwani hunasa vichakani, husigana na hatamu, na mwongozaji hushika dawa kila anaposhika shingo. Penye ehrlichia nyingi, mchanganyiko wa kola na kidonge unaweza kuhalalisha gharama yake, kwa ushauri wa daktari. Mikono ya mwongozaji kila jioni haina mbadala: masikioni, makwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia.

Watu husema pia kwamba mbwa wa vijijini wanaishi na kupe maisha yao yote na hawafi. Waliobaki ndio tunaowaona. Watoto wa mbwa waliokufa kwa damu kuisha hawakuingia katika takwimu ya mtu yeyote, na waliokua walikutana na vimelea mapema wakajenga kinga isiyo kamili, hali ambayo mbwa aliyezaliwa Uholanzi hana. Tena mbwa wa kijiji mwenye afya anaweza kubeba ehrlichia na kuwalisha kupe watakaovuka ua kuingia bandani.

Na banda ndipo fedha za kwanza zinapopaswa kwenda, tofauti na ilivyo desturi. Kupe wa kahawia hukamilisha hatua zake zote juu ya mbwa, na kati ya mlo na mlo hujificha kwenye kuta. Jike lililoshiba hupanda juu, likaingia kwenye ufa wa plasta au chini ya bati na kutaga mayai kwa maelfu. Kupe ambaye bado hajanyonya anaweza kungoja miezi bila kula. Kuziba nyufa kwa saruji hugharimu mara moja. Kumpa kidonge kila mbwa anayelala hapo, pamoja na yule wa mlinzi wa lango ambaye si mali ya kikosi, humgeuza kila mbwa kuwa mtego: kupe anapanda, anakufa, hatagi. Ukimwacha mmoja nje ya mpango kwa sababu hayumo kwenye bajeti, umeacha kitalu kinachofanya kazi.

Bado kuna mfugaji wa Simanjiro au kampuni ndogo ya ulinzi ambayo kidonge kimeipita uwezo, na kumwambia asubiri ni kumwacha mbwa wazi. Kwake amitrazi inatetewa, kwa masharti machache: ashauriane na daktari wa mifugo, apime kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kwa kifuniko, atumie chombo chenye alama za lita, asiogeshe mtoto wa mbwa, jike lenye mimba, mgonjwa wala mwenye kisukari, amzuie mbwa kujilamba hadi akauke kivulini, na asimpeleke kwenye zamu siku hiyo. Mchanganyiko uliobaki amwage mbali na mto na kisima, wiki ijayo achanganye mwingine.