Dua Isiyotoshea

Mara ya kwanza kuiona sarafu hii ilikuwa kwenye skrini ya kompyuta, imekuzwa hadi kujaa kiganja. Mwana-kondoo na bendera yake walionekana vizuri. Kisha nikasoma uzito: takriban gramu 0.11. Ni sehemu moja ya 32 ya dukati, sarafu ya dhahabu ya mji wa Nürnberg, na Wajerumani huifananisha na punje ya dengu. Wakusanyaji huipenda kwa udogo huo. Mimi naona udogo huo umeigharimu.

Tuanze na dukati nzima, ya gramu 3.5 hivi. Mwana-kondoo amesimama juu ya dunia, na bendera yake imeandikwa neno la Kilatini la amani. Kumzunguka pana dua: Baba, zivike taji nyakati zetu kwa amani uliyotujalia. Katika Kilatini cha dua hiyo herufi nne zimekuzwa: M, D, C na C. Zijumlishe kwa hesabu ya Kirumi, 1000, 500, 100 na 100, upate 1700. Mwaka umefichwa ndani ya maombi yenyewe.

Sababu ya kuomba ilikuwepo. Mkataba wa Ryswick ulitiwa saini 1697, wa Karlowitz 1699. Kufikia 1701, vita vya kugombea urithi wa kiti cha Hispania vilikuwa vimeanza. Hata hivyo wapiga sarafu wa baadaye waliendelea kuitoa dukati hii na 1700 ileile. Utasema ni biashara tu, maana ilinunuliwa kama zawadi. Huenda. Lakini anayerudia dua ileile anakiri pia kwamba bado anasubiri jibu.

Kwenye ile ya dengu, dua haikutoshea, ikaachwa. Mwaka nao ukaenda nayo. Mwombaji hayupo, anayeombwa hayupo, wala hizo nyakati zetu. Amebaki mnyama mpole na bendera. Mkono uliomchonga ni wa ajabu, sikatai. Ila amani isiyo na mwombaji wala tarehe haimdai mtu chochote.

Sisi wanafunzi wa fasihi tunapenda kusifu ufupi, na nimewahi kuandika kwamba neno lililokatwa vizuri halikumbukwi. Siku hizi narudi kwenye rasimu zangu nikijiuliza: nilipopunguza maneno, nilimwondoa nani?