Libasi ya Karakana

Nyuma ya nyumba yangu, hapa Mombasa, chini ya bati lililoegemezwa ukuta wa jiko, iko karakana ndogo ambayo mgeni hakupata kukaribishwa ndani yake, nami humo nina meza ya kazi yenye jiriwa pembeni, na makabati mawili ya plaiwudi ambayo kwa miaka mingi niliyaacha tupu, yakinywa mafuta na rangi, hata asubuhi moja, nilipokuwa nikifagia maranda, nikaona haya kama aonavyo mtu aliyemwacha sahibu yake wa siku zote avae matambara.

Wapo watakaouliza ya nini kukipamba chumba kisichoonwa na watu. Hao ningependa kuwapeleka Lamu, katika majumba ya mawe ya karne ya 18, wakatazame zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vilivyonakshiwa kwa lipu ya chokaa, vikapangwa ndani kabisa, katika chumba cha watu wa nyumba wenyewe, ambako mgeni hafiki. Naamini kwamba mkono ushikao randa kutwa nzima unastahili heshima ile ile.

Basi nikaanza kutafuta libasi. Zulia la plastiki lenye maua ni la bei nafuu, lakini patasi ikiliangukia hulichana. Na karatasi ya kunata iigayo sura ya mvule hupendeza dukani, kisha unyevu wa pwani huiinua pembe. Vinia ya mkangazi ndiyo iliyoniteka moyo, kwani ni mbao halisi iliyopasuliwa nyembamba mno, na ukiitia vanishi mistari yake hung'aa kama asali. Ila hiyo ni ya kabati la chumbani, haivumilii mahali panapowekwa nyundo. Nikaishia kwenye fomeka, wala si kwa shingo upande. Ilibuniwa Marekani mwaka 1912 na Herbert Faber na Daniel O'Conor, waliokuwa wakitafuta kitu cha kukingia umeme badala ya ulanga, ambao kwa Kiingereza huitwa mica, na humo ndimo lilimotoka jina la kampuni yao, Formica: ni tabaka za karatasi zilizoloweshwa utomvu wa kiwandani, zikabanwa kwa moto na nguvu hata zikawa bamba moja gumu, na karatasi ya juu ndiyo ichukuayo rangi na nakshi.

Lakini bamba bila fundi ni bamba tu. Mzee mmoja wa Mji wa Kale ndiye aliyenifunza kupaka gundi pande zote mbili, juu ya bamba na juu ya plaiwudi, kisha kungoja mpaka ukiigusa kwa kidole isishike. “Mwanangu,” aliniambia, “gundi hii haina toba,” maana nyuso mbili zikisha kugusana hazisogei tena. Kwa hivyo alilaza fito nyembamba juu ya plaiwudi, akaliweka bamba juu ya fito, akalilinganisha kwa taratibu, halafu akachomoa ufito wa katikati kwanza, akakandamiza kwa kiganja akielekea nje ili hewa isibaki, ndipo akauendea wa pili, na wa tatu. Ukingo aliusawazisha kwa tupa, akisukuma kwenda chini tu, kwani tupa ikivutwa juu hulimega bamba. Na upande wa ndani wa mlango, alisema, sharti nao uvikwe, la sivyo mlango utapinda. Wengine huona huo ni ubadhirifu. Mimi nauona ni uadilifu.

Meza yenyewe sikuivika fomeka, maana juu yake mbao huteleza chini ya randa. Nimeikaza hadibodi kwa skurubu zilizozamishwa, ili ikichakaa niing'oe nitie nyingine. Makabati nimeyachagulia buluu iliyofifia, ile ya bahari iliyotulia wakati wa maleleji, na kila asubuhi nifunguapo dirisha, mwanga hupita juu ya milango ile hata ukafika penye watoto wa meza, nami husimama kitambo, mkono juu ya jiriwa, kabla sijaichukua randa.