Sare katika Sataranji ya Mabingwa

Neno sare lina matumizi mawili katika Kiswahili. Hutajwa kwa mavazi ya namna moja yavaliwayo na watu wengi, na hutajwa kwa mchezo uliokwisha bila ya mshindi. Wanaolalamikia sataranji ya mabingwa wa dunia husema kwamba maana hizi mbili sasa zimekuwa moja: michezo ya mabingwa haina mshindi, na kila mmoja umevaa vazi la mwenziwe.

Ushahidi wao si wa kubuni. Katika Novemba 2018, Magnus Carlsen wa Norwei na Fabiano Caruana wa Marekani walikutana mjini London kugombea ubingwa. Walicheza michezo 12, na yote 12 ikatoka sare. Jambo hilo halikupata kutokea tangu ubingwa ulipoanza kugombewa rasmi katika 1886. Ikiunganishwa michezo miwili ya mwisho ya pambano la New York la 2016, ile 12 ya London, na 5 ya kwanza ya Dubai katika 2021, ni michezo 19 mfululizo ya saa nyingi ambayo haikumpa mtu ushindi. Basi msomaji akiambiwa kwamba mchezo uliosafiri kutoka Bara Hindi hadi Uajemi, na kutoka Uajemi hadi kwa Waarabu, na kwa njia yao jina lake likafika hata katika Kiswahili, umefika mwisho wa safari yake, yamkini ataamini.

Walakini maombolezo haya yana umri mkubwa kuliko waombolezaji wa leo. Katika 1910 Emanuel Lasker na Carl Schlechter walicheza michezo 10, na 8 ikawa sare. José Raúl Capablanca alipomvua Lasker ubingwa mjini Havana katika 1921, alishinda mara 4, akatoka sare mara 10, wala hakushindwa hata mara moja. Katika miaka ile ya 1920 Capablanca mwenyewe alihofu kwamba sataranji ingekufa kwa sare, akapendekeza ubao mkubwa zaidi na kete mpya mbili za kila upande. Na katika miaka hiyohiyo, juu ya ubao uleule wa miraba 64, Alexander Alekhine alimwondoa yeye katika kiti chake. Pambano lao la Buenos Aires la 1927 lilikuwa la michezo 34, na sare zilikuwa 25. Ile 9 iliyobaki ilitosha kuonyesha kwamba mtu aliyedhaniwa hashindiki alikuwa anashindika.

Wapendao zamani hupenda kutaja Havana ya 1889, ambako Wilhelm Steinitz na Mikhail Chigorin walicheza michezo 17 na kutoka sare mara 1 tu. Hesabu hiyo ni ya kweli, ila hoja inayotolewa kwayo ni dhaifu. Katika karne ile kushambulia kulihesabiwa uungwana, na kujilinda kulihesabiwa unyonge. Mtu akitolewa kete ya kafara, kuikataa ilikuwa karibu na aibu. Steinitz mwenyewe ndiye aliyefundisha kwamba shambulio halina haki ya kufaulu ila pale mizani ilipokwisha kuelemea upande mmoja, na kwamba boma lililojengwa vema halianguki kwa kelele za nje. Wanafunzi wakaelewa, na wanafunzi wa wanafunzi wakaelewa zaidi. Sare za leo ni watoto halali wa somo lile. Anayemsifu mwalimu hawezi kuwakana.

Kanuni nazo zimechangia, ijapokuwa jambo hili halitajwi sana. Katika sataranji ya kale ya Waarabu, mfalme aliyeachwa peke yake bila ya kete alihesabiwa ameshindwa, na mfalme aliyekosa pa kwenda, hata kama hakushambuliwa, naye alihesabiwa ameshindwa. Kwa kanuni za sasa kubaki peke yake si kushindwa, na kukosa pa kwenda ni sare. Mlango ulifunguliwa na wenye mchezo wenyewe.

Mfano mzito kuliko wote ni ule wa Moscow. Katika Septemba 1984 Anatoly Karpov, bingwa, alianza kupambana na Garry Kasparov, kijana wa miaka 21. Sharti lilikuwa kwamba atakayetangulia kushinda mara 6 ndiye bingwa, na sare hazihesabiwi. Baada ya michezo 9 Karpov alikuwa amekwisha kushinda mara 4, na Kasparov hakushinda hata mara moja. Zikafuata sare 17 mfululizo. Katika mchezo wa 27 Karpov akapata ushindi wa tano. Alihitaji mmoja tu, na mmoja huo hakuupata. Miezi ikapita. Kasparov akashinda mara moja, halafu baada ya sare nyingi akashinda mara mbili mfululizo, na tarehe 15 Februari 1985 rais wa Shirikisho la Sataranji Duniani, Florencio Campomanes, akalisimamisha pambano kwa sababu ya uchovu wa wachezaji. Michezo ilikuwa 48, na sare 40.

Je, sare 40 zile zilikuwa maiti 40? Baadhi zilikuwa. Palikuwa na michezo iliyokatishwa mapema mno, na hakuna haja ya kuipamba. Lakini atazamaye mfululizo mzima ataona mtu aliyeingia akishambulia kila kitu, akapigwa, kisha akajifunza mbele ya macho ya dunia namna ya kutoshindwa na bingwa aliyekuwa mgumu kuliko wote wa wakati wake. Katika Novemba 1985, katika pambano jipya la michezo 24, Kasparov alitwaa ubingwa. Shule yake ilikuwa zile sare. Aliyehesabu ushindi na kushindwa peke yake angesema kwamba kwa miezi mitano halikutokea jambo.

Kwa hiyo idadi ya sare ni kipimo kibovu, na hata London ya 2018 haina budi kusomwa mchezo kwa mchezo. Mchezo wa kwanza ulikwenda hatua 115. Carlsen alikuwa na nafasi ya kushinda, akaipoteza, akatafuta nyingine kwa saa nyingi, na Caruana akajiokoa. Katika mchezo wa sita kompyuta zilimwonyesha Caruana njia ya ushindi iliyojificha mno hata haikutazamiwa kwamba mwanadamu angeiona mezani. Nani atasema kwamba michezo hii ni sawa na ule wa mwisho wa New York katika 2016, uliokwisha kwa hatua 30 katika muda wa dakika 35 hivi? Katika daftari ya matokeo yote imeandikwa nusu kwa nusu.

Palipo na lawama ya haki ni katika mchezo wa 12 wa London. Carlsen alikuwa na hali bora na muda mwingi zaidi. Akatoa sare kwenye hatua ya 31, mara tu kanuni ilipomruhusu. Hakuogopa sataranji. Alijua kwamba pambano likitoka sare litaamuliwa kwa michezo ya haraka, ambayo katika hiyo alikuwa na nguvu zaidi, na kweli akaishinda 3 kwa 0. Hapa ugonjwa unaonekana mahali pake. Waliotunga sharti la michezo ya haraka ndio waliompa bingwa sababu ya kuacha kucheza. Ni kama malumbano ya washairi yanayoahidiwa kwamba wakilingana kwa tungo, mshindi atatafutwa kwa mbio za kusema. Mwenye ulimi mwepesi ana haja gani ya kujitaabisha na vina?

Ufupi wa mapambano nao una sehemu yake. Katika michezo 24 mtu aweza kushindwa Jumatatu na kulipa kisasi mwezi unaofuata. Katika 12, kosa moja laweza kuwa la mwisho, na mwenye busara huchagua njia isiyo na makosa. Kompyuta zimeizidisha hofu hiyo. Mshindani hufika mezani na hatua 20 alizokariri, akijua kwamba mwenziwe amekariri hizohizo. Katika sataranji ya kuandikiana ya daraja ya juu, ambamo msaada wa mashine umeruhusiwa, karibu michezo yote ni sare. Huko kifo alichokihofu Capablanca kimekwisha fika.

Dawa zimependekezwa nyingi. Sofia ilikataza wachezaji kuafikiana sare katika 2005. Bilbao ilitoa alama 3 kwa ushindi katika 2008. Norwei, tangu 2019, huchezesha mchezo wa haraka baada ya kila sare. Na Bobby Fischer alitaka kete za nyuma zipangwe kwa kura. Ya Fischer ina fikra ndani yake, kwa kuwa huondoa ukariri. Nyingine aghalabu humlazimisha mtu akae mezani. Hazimpi la kutafuta.

Mapambano mawili yaliyofuata Dubai yamewapa walalamikaji walichokitaka. Mjini Astana katika 2023, Ding Liren na Ian Nepomniachtchi walishindana mara 3 kwa 3, na sare 8; watu wakafurahi sana. Furaha ile yataka kupimwa, kwa maana ushindi mwingi ulizaliwa na makosa ambayo Carlsen na Caruana hawakuyafanya. Mtazamaji ana haki ya kuyapenda, ila asiyaite maendeleo ya sanaa.

Singapore, tarehe 12 Desemba 2024, ilikuwa jambo jingine. Ding na Gukesh wa India walikuwa sawa kwa alama katika mchezo wa 14, wa mwisho. Gukesh alikuwa na askari mmoja zaidi katika hali ambayo watazamaji wengi walikwisha kuihesabu sare, naye akaendelea kusogeza kete kana kwamba hakusikia. Katika hatua ya 55 Ding akaweka ngome yake mahali palipowezesha kete zote kubwa kubadilishana, wafalme wakabaki na askari, na askari mmoja yule akatosha. Lau Gukesh angeridhika na sare, ubingwa ungeamuliwa siku ya pili yake kwa michezo ya haraka.