Kurasa Chache za Riemann

Tarehe 10 Juni 1854, katika Chuo Kikuu cha Göttingen nchini Ujerumani, kijana wa miaka 27 alisimama mbele ya kitivo kutoa mhadhara wa kuombea idhini ya kufundisha. Bernhard Riemann, mtoto wa mchungaji, alikuwa amependekeza mada tatu. Mwanahisabati mzee Carl Friedrich Gauss aliiacha ya kwanza, iliyozoeleka kuchaguliwa, akaitaka ya tatu: misingi ya jiometri.

Mhadhara ule karibu haukuwa na fomula. Ulikuwa na wazo. Chukua dunia yetu: shuka kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta, pale Nanyuki, Kenya, ifuate Ikweta kwa robo ya mzunguko wa dunia, kisha panda tena hadi nchani. Umechora pembetatu yenye pembemraba tatu, jumla nyuzi 270, na shuleni tulifundishwa 180. Anayezipima pembe hizo hutambua kwamba uso wa dunia umepinda, hata kama hajawahi kuuona kutoka angani. Gauss alikuwa amelithibitisha jambo hili kwa nyuso. Riemann akalipeleka kwenye nafasi yenyewe, iwe ya vipimo vitatu, vinne au zaidi: umbo la nafasi haliamuliwi kabla, hupimwa kutoka ndani.

Hebu tumweke kwenye mizani ya leo. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo h cha kupima kazi za watafiti: mwenye h ya 10 ana makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10. Kwa kanuni hiyo, h haiwezi kamwe kuzidi idadi ya makala. Riemann alichapisha machache, akafariki Italia mwaka 1866 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 39. Mhadhara wake ulikuwa bado haujachapishwa. Rafiki yake Richard Dedekind ndiye aliyeutoa mwaka 1868. Kwa miaka 14, kazi iliyobadili jiometri isingeongeza hata nukta moja kwenye hesabu yake.

Kisha ikazaa. Wanahisabati wa Kiitalia Ricci na Levi-Civita waliitengenezea zana za ukokotoaji. Marcel Grossmann akamwonyesha rafiki yake Einstein zana hizo, na mwaka 1915 Einstein akaeleza mvutano kuwa ni kupinda kwa nafasi na wakati. Leo saa za setilaiti za GPS hurekebishwa kwa nadharia hiyo. Zisiporekebishwa, zitatangulia za ardhini kwa takriban mikrosekunde 38 kila siku.

Wanajiometri wa sasa hutumia wazo la Riemann kila siku bila kuutaja mhadhara wake kwenye marejeo, kama ambavyo hawamtaji Euklide wanapochora mstari. Hapo ndipo hesabu ya manukuu inapoishiwa nguvu. Kazi nzuri hunukuliwa sana. Kazi iliyo kuu kuliko zote hufika mahali ikaacha kunukuliwa, kwa kuwa kila mtu amesimama juu yake.

Nausifu ufundi wa jiometri kwa sababu hauna njia ya mkato. Mwanajiometri hushika swali moja, akalichimba mpaka msingi wake uonekane, hata kama zao lake ni kurasa chache. Kamati zinazopandisha wahadhiri vyeo zihesabu makala zikitaka, lakini kwanza zikae na kuzisoma. Göttingen, kabla ya nukuu hata moja, Gauss alisikiliza, akatambua alichokisikia.