Pigo la Nane

Jaribu kupiga makofi huku ukiimba "All You Need Is Love" ya Beatles. Kwenye kiitikio mikono itakwenda yenyewe. Rudi kwenye ubeti uone: unajiandaa kupiga kofi la 8, kumbe John Lennon keshaanza mstari mwingine, na mkono wako umebaki hewani.

Kwa miaka mingi nilidhani kosa ni langu. Siku moja nikaketi na wimbo huo mezani, nikigonga kwa kidole na kuandika hesabu pembeni mwa gazeti. Mapigo 7, tena 7, kisha 8, kisha 7. Jumla 29. Nikarudia, nikapata vilevile. Sisi tuliolelewa kwenye mizani ya ushairi tunajua mshororo ukipungua silabi moja mtunzi ataulizwa. Hapa pigo limeng'olewa kusudi, na pengo lake ndilo linaloupa ubeti ile haraka ya mtu aliyekuja mbio na habari njema, asiyengoja umwitikie. Halafu kiitikio kinaingia na mapigo yake 4 yaliyotulia, kila mtu anapata pa kukanyaga.

Na wimbo wenyewe ulikuwa wa kuagizwa! Tarehe 25 Juni 1967 ulirushwa moja kwa moja kutoka studio ya Abbey Road, London, katika "Our World", matangazo ya televisheni yaliyounganisha nchi nyingi kwa setilaiti. Ulipaswa kueleweka na watu wa kila lugha. Lennon akachagua maneno ambayo hata mtoto anayaweza, ugumu wote akaufukia chini, kwenye hesabu.

Tazama picha za siku ile. Maua, maputo, mabango. Rafiki za Beatles wameketi sakafuni, Mick Jagger akiwa mmoja wao. Wapiga ala 13 wa okestra wamevalia rasmi. Lennon anatafuna bigijii. George Martin, aliyepanga ala, anafungua kwa wimbo wa taifa wa Ufaransa na mwishoni anamchanganya Bach na muziki wa dansi, wala hakuna kinachogongana. Lakini sikio langu humfuata Ringo Starr, mpiga ngoma. Hana mbwembwe. Anapita juu ya hesabu ile iliyopinda kama mtu anayerudi kwake gizani kwa njia aliyoizoea, na kwa sababu yeye hajikwai, nasi hatujikwai.

Wimbo uliingia madukani Julai, mahipi wakaufanya wao, ukaimbwa na umati uliokuwa umechoshwa na vita vya Vietnam. Ninaupenda ujumbe wake, na ninauamini. Ila ninachokistahi zaidi ni mkono ulioufanya ubebeke.

Juzi binti yangu alikuwa akiosha vyombo huku akiuimba. Nikasimama mlangoni, nikahesabu kwa kidole kwenye fremu. Saba, saba, nane, saba. Hakuna aliyewahi kumfundisha, na hakukosea hata pigo moja.