Je, "Jina la Ukoo" ni la Ukoo? Uhakiki wa Istilahi ya Fomu Zetu

Miongoni mwa istilahi ambazo mwananchi hukutana nazo maishani, hakuna zinazomgusa kwa karibu kuliko zile zinazomwuliza jina lake. Mtu aweza kuishi miaka yake yote bila kuhitaji istilahi hata moja ya fizikia, lakini hawezi kuandikishwa shule, kufungua akaunti ya benki wala kudai mafao bila kujaza mahali palipoandikwa "jina la kwanza", "jina la kati" na "jina la ukoo". Makala haya yanakusudia kuihakiki istilahi ya mwisho kati ya hizo tatu. Dai letu ni kwamba "jina la ukoo", kama linavyotumika katika fomu nyingi, halisemi kweli kuhusu majina ya watu wengi wanaolijaza, na kwamba kosa hilo, ambalo kwa macho ni dogo, lina madhara makubwa kwa haki za watu.

Maana ya ukoo

Ukoo ni jamii ya watu waliotokana na mzee mmoja wa asili. Ukoo hauanzi na kwisha katika kizazi kimoja. Kwa hiyo jina linalostahili kuitwa la ukoo sharti liwe na sifa mbili: kwanza, lishirikiwe na watu wa ukoo huo, pili, lipokewe kizazi baada ya kizazi bila kubadilika.

Sasa na tumchukue mtu wa mfano, tumwite Juma Hamisi Rajabu. Jina lake ni Juma, baba yake ni Hamisi, na babu yake ni Rajabu. Amezaa watoto wawili, Asha na Saidi. Kwa desturi iliyoenea pwani na sehemu nyingi za bara, watoto hao wataitwa Asha Juma Hamisi na Saidi Juma Hamisi. Saidi naye akipata mtoto akamwita Omari, mtoto huyo atakuwa Omari Saidi Juma. Wote hawa wakijaza fomu zetu, mzee Juma atakuwa wa ukoo wa Rajabu, bintiye wa ukoo wa Hamisi, na mjukuu wake wa ukoo wa Juma. Nyumba moja, vizazi vitatu, koo tatu! Istilahi inayomtenga baba na watoto wake wa kuwazaa haiwezi kusemwa kuwa imeeleza ukoo. Iliyoeleza ni jina la babu.

Majina yasemavyo

Kosa hili huonekana wazi zaidi tukizingatia maana za majina yenyewe. Aghalabu Juma ni aliyezaliwa Ijumaa, na Hamisi ni wa Alhamisi. Rajabu, Shabani na Ramadhani ni majina ya miezi. Kulwa na Doto, ambayo asili yake ni Usukuma na Unyamwezi, ni majina ya pacha, wa kwanza na wa pili. Na kwa Wasukuma mtoto anayezaliwa baada ya pacha huitwa Shija. Mabula ni mtoto wa mvua. Kwa Wajaluo Otieno ni mwanamume aliyezaliwa usiku, na dada yake aliyezaliwa wakati kama huo ni Atieno. Mashaka, Tabu na Shida hukumbusha hali waliyokuwa nayo wazazi. Sikudhani na Siwatu ni sentensi nzima ambazo mzazi alizisema mbele ya majirani kwa kinywa cha mtoto.

Majina ya namna hii ni kumbukumbu ya tukio moja katika uzazi wa mtu mmoja. Hakuna ukoo wa Alhamisi. Mvua iliyonyesha siku aliyozaliwa babu yako haikuwanyeshea wajukuu wake wote, na mwanamke mwenye kuandikwa Otieno katika nafasi ya mwisho hakuzaliwa mwanamume, wala huenda hakuzaliwa usiku. Jina hilo linamtaja mzee wake, basi.

Hatusemi kwamba majina ya ukoo hayapo katika nchi zetu. Yapo. Kwa Wachaga, Mushi, Massawe, Lyimo na Kimaro ni majina ya koo kweli, na wenye majina hayo ni maelfu ya watu ambao wengi wao hawajuani. Pwani, Mazrui, Barwani na Busaidi ni nisba za kabila au ukoo, zinazorithiwa bila kubadilika. Mtu wa namna hiyo akiulizwa jina la ukoo ana la kujibu. Ubaya ni kwamba swali linalomfaa yeye wameulizwa wote.

Asili ya kosa

Istilahi hii ilizaliwa kwa tafsiri. Fomu za serikali ya kikoloni zilikuwa za Kiingereza, na ndani yake mlikuwa na neno ambalo kwa Waingereza lina maana ya jina la familia lenye kurithiwa. Mfasiri alipotafuta neno la Kiswahili akakuta kwamba kitu chenyewe hakipo kwa watu wengi, akachukua kilichokaribiana nacho, yaani ukoo. Hata hivyo, neno lile la Kiingereza, ambalo asili yake ni Kifaransa, halikuwa na habari za ukoo. Maana yake ya kwanza ni jina lililoongezwa juu ya jina. Na Waingereza nao walianza kama sisi: Johnson ni mwana wa John, na Smith ni mhunzi. Majina hayo yaligandishwa baadaye, yakawa ya familia.

Mataifa mengine yamefuata njia mbalimbali. Uturuki iliwalazimisha raia wake kwa sheria ya mwaka 1934 wachague majina ya familia, na mwaka huohuo Mustafa Kemal akapewa jina la Atatürk. Aisilandi, kwa upande wake, imebaki na desturi ya kumwita mtu kwa jina lake na kumtaja kuwa mwana au binti wa fulani, na hata kitabu chao cha simu kilipangwa kwa jina la mtu mwenyewe. Jina la familia, basi, si sharti la maendeleo. Ni desturi miongoni mwa desturi.

Sisi tulikuwa na njia yetu iliyo wazi, nayo ni kiunganishi. Mswahili alisema bin na binti, Mgikuyu alisema wa, Mkalenjini alisema arap. Neno hilo dogo lilimwonyesha msikilizaji mahali jina la mtu linapokwisha na jina la mzazi linapoanza. Fomu zilipolifuta, majina yalibaki yamesimama sambamba bila kuelezana, na karani akapewa uhuru wa kukisia.

Matokeo katika vitabu

Matokeo ya kukisia huko yamo hata katika orodha za vitabu vyetu. Shaaban Robert (1909–1962) alikuwa Shaaban bin Robert. Robert ni jina la baba yake. Lakini mwanafunzi akifungua orodha za marejeo za tasnifu zetu, atamkuta mshairi huyu mara kwenye herufi R, mara kwenye S, kana kwamba ni watu wawili. Siti binti Saad (1880–1950), mwimbaji wa taarab wa Unguja ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, alizaliwa akiitwa Mtumwa. Jina la Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima, alilipata baadaye kwa sifa zake mwenyewe. Kumwandika "Saad, S." ni kulifuta jina alilolitolea jasho na kumwacha na la baba peke yake. Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025), ambaye vitabu vyake vya mwanzo vilitoka kwa jina la James Ngugi, amesalimika kwa sababu alirudisha kiunganishi: orodha nyingi humweka kwenye Ngũgĩ, mahali pake.

Matokeo katika maisha

Kosa la maktaba humchosha mtafiti. Kosa la ofisi humnyima mtu haki. Mwandishi wa makala haya ameliona jambo hili nyumbani kwao. Katika cheti cha ndoa baba yangu aliandikwa kwa jina lake na la baba yake. Kazini, karani alipomdai "jina la ukoo", aliongeza jina la babu yake, na baadaye orodha ya mishahara ikabakiza jina lake na hilo la babu tu. Alipofariki, mama alikwenda kudai mafao akaambiwa kwamba marehemu wa cheti cha ndoa si mtumishi wa orodha ya mishahara, maana koo zao ni mbili. Ilimbidi atafute wazee wa kula kiapo kwamba watu hao wawili ni mtu mmoja, ambaye yeye alilala naye kitanda kimoja miaka ishirini na sita. Hakuna aliyedanganya katika mambo hayo. Kila karani alijibiwa kweli. Swali ndilo lililokuwa na kasoro.

Hoja ya upande wa pili

Yamkini msomaji atasema kwamba desturi zinabadilika, na kwamba majina ya mababu yanageuka kuwa ya familia mbele ya macho yetu. Ni kweli, na mfano ulio bora ni wa Baba wa Taifa. Mwalimu alizaliwa mwaka 1922 akapewa jina la Kambarage, linalohusishwa na mzimu wa mvua. Jina la Julius alilipata kwa ubatizo mwaka 1943. Nyerere lilikuwa jina la baba yake, mtemi Nyerere Burito, na kwa Kizanaki lina maana ya viwavi. Nyerere halikuwa jina la ukoo. Lilikuwa jina la mtu mmoja, mwana wa Burito. Leo wajukuu wa Mwalimu wanalichukua, nalo limekuwa jina la familia.

Mfano huu hauitetei istilahi tunayoihakiki, unaipinga. Unatuonyesha kwamba kati ya jina la mtu na jina la ukoo kuna daraja nyingine, yaani jina la mzazi lililoanza kurithiwa, na daraja hiyo inastahili neno lake. Na upo mpaka ambao hata jina la familia halivuki. Burundi, nchi iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, kwa desturi kila mtoto hupewa jina lake peke yake, tofauti na la baba na la ndugu zake: Nkurunziza ni habari njema, na habari hiyo aliletewa mzazi mmoja siku moja. Mrundi akipewa fomu ya Kiswahili na kuulizwa ukoo wake, atajibu nini?

Mapendekezo

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo hati za kusafiria za dunia nzima hufuata mwongozo wake nambari 9303, lilikumbana na tatizo hilihili. Halikudai kila mtu awe na ukoo. Lilitumia istilahi zinazotaja kazi ya jina, ambazo tungeweza kuzifasiri "kitambulishi cha msingi" na "kitambulishi cha pili". Nasi tufuate busara hiyo. Tunapendekeza yafuatayo:

(a) "Jina la ukoo" litumike kwa jina la ukoo halisi tu, na katika fomu lifuatwe na maneno "kama unalo".

(b) Neno "ubini" lisichukuliwe kuwa kisawe cha "jina la ukoo". Limetokana na bin, nalo lafaa kuwa istilahi ya jumla kwa jina lolote linalomwunganisha mtu na wazazi wake, liwe la baba, la babu au la familia. Asili yake ni ya kiume, lakini maana yake isiwe hivyo: mtoto anayetumia jina la mama yake naye ana ubini.

(c) Fomu inayohitaji jina la baba iulize jina la baba, na inayohitaji la babu iulize la babu. "Jina la kati" ni istilahi ya mahali, si ya maana, na ingefaa iachwe.

(d) Jina ambalo ofisi itampanga mtu kwalo liitwe "jina la orodha", na mwenye jina ndiye alichague, mara moja, ili lifuatwe katika hati zake zote.

Mapendekezo haya hayataki gharama kubwa. Yanataka fomu zichapwe upya zitakapokwisha zilizopo, na makarani waelezwe. Tunawaomba wasomaji, hasa wanaofanya kazi katika ofisi za uandikishaji, shule na maktaba, watuletee maoni yao pamoja na viunganishi vya majina vinavyotumika katika lugha za kwao, ili orodha ya istilahi itakayotolewa iwe imewasikiliza wenye majina kabla ya kuwauliza.