Bilauri za Taifa Zima: Hesabu ya Wafini



Kila mahali tunasikia kwamba watu wa siku hizi wanakunywa kupita watu wa zamani. Wazee wetu walisema hivyo, na wazee wao vilevile. Lakini ni nani aliyehesabu? Kusema ni rahisi, kuhesabu ni kazi. Kuna taifa moja la Ulaya ya kaskazini, ndilo Ufini, lililokubali kazi hiyo. Tangu mwaka 1968, kila baada ya miaka minane hivi, wananchi wake wanaulizwa: Unakunywa nini? Wapi? Pamoja na nani? Bilauri ngapi? Tumeona vema kuipima kazi hiyo kama tunavyopima kitabu, tuone uzuri wake na upungufu wake.

Kwanza tueleze namna inavyofanyika. Majina ya watu elfu chache huchaguliwa kwa bahati nasibu katika orodha ya wakaaji wa nchi. Kisha mwulizaji huonana na kila mmoja. Hamwulizi, "Je, wewe ni mlevi?" maana kila mtu angejibu, "Mimi? Kidogo tu." Anamwomba akumbuke moja moja mara alizokunywa siku zilizopita: siku gani, mahali gani, kinywaji gani, kiasi gani. Na maswali makubwa yanabaki yale yale toka hesabu moja hadi nyingine. Nguvu ya kazi hii iko hapo.

Mwaka 1968 ulikuwa na maana yake. Wakati ule bia ya nguvu ya kadiri haikuuzwa katika maduka ya chakula, na sehemu kubwa ya vijiji haikuwa na duka la pombe. Sheria mpya, iliyoanza tarehe 1 Januari 1969, iliifungulia bia hiyo milango. Wengi walitumaini hivi: watu wakipata bia karibu, wataacha pombe kali, watakunywa kwa kiasi, pamoja na chakula, bila kulewa. Tumaini hilo halikuwa baya. Je, lilitimia?

Hapana. Mwaka 1968 pombe iliyouzwa, ikihesabiwa kama alkoholi tupu, ilikuwa lita 2.9 hivi kwa kila mtu. Mwaka 1969 ikawa lita 4.2, na mwaka 1974 ilipita lita 6. Bia haikuifukuza pombe kali. Mgeni alifika, mwenyeji hakuondoka, wakakaa meza moja.

Lakini kitabu cha mauzo kinasema chupa ngapi zimetoka dukani. Hakisemi zimeingia kinywani mwa nani. Jambo hilo linajulikana kwa kuuliza. Mwaka 1968 wanawake wapatao wanne katika kumi hawakuonja pombe kabisa. Mwaka 2008 alibaki kama mmoja katika kumi. Katika miaka hiyo arobaini unywaji wa wanawake uliongezeka karibu mara sita, na ule wa wanaume zaidi ya mara mbili. Divai na bia zilizoea meza za Wafini, lakini desturi ya kunywa mpaka kulewa haikuondoka. Hakuna mwenye duka aliyeweza kutufundisha hayo.

Sasa tuseme upungufu. Wa kwanza: watu wanataja pungufu ya wanavyokunywa. Ukijumlisha bilauri zote walizozitaja, mara nyingi hazifiki hata nusu ya pombe iliyouzwa. Mmoja amesahau, mwingine anaona haya. Basi anayezishika lita za majibu hayo kama kweli kamili anadanganyika. Hata hivyo hatukubali kwamba kazi yote ni bure. Mizani ya sokoni ikipunguza uzito kwa namna ile ile kila siku, haikuambii uzito wa kweli wa gunia; lakini inakuambia gunia lipi ni zito kuliko jingine.

Upungufu wa pili unatutia wasiwasi zaidi, kwa sababu unaigusa mizani yenyewe. Mwaka 1968 walijibu watu 97 katika 100. Mwaka 2008 walijibu 74, na mwaka 2016 walijibu 60 tu. Waliokataa ni akina nani? Mlevi sana ni vigumu kumpata nyumbani, na asiye na makao hapatikani kabisa. Hesabu ya 2016 ilionyesha kwamba ulevi umepungua, hasa kwa vijana. Je, tuamini? Tunaamini, kwa kuwa mauzo nayo yalikuwa yameshuka tangu miaka ile ya 2007 na 2008. Mashahidi wawili wamepatana. Angekuwa shahidi mmoja, tungesita.

Hapo tufikiri pia habari zetu. Hata Ufini kitabu cha mauzo hakioni chupa ambazo wasafiri wanaleta kutoka Estonia. Kwetu Kongo je? Lutuku inapikwa nyuma ya nyumba, na mpishi wake haandiki kitu wala hapendi kutajwa. Shahidi wa pili hayupo. Basi anayetaka kujua hali ya vijiji vyetu hana budi kuuliza watu, na kuuliza vizuri: kwa subira, bila kugombeza, na bila jina la mtu kupelekwa kwa mkubwa yeyote. Anayeogopa hasemi kweli.

Hukumu yetu ni hii: kazi ya Wafini ni njema, ingawa lita zake si kamili. Wema wake ni kurudi tena na tena na swali lile lile. Bila hesabu ya 1968, kila mtu leo angesimulia habari za sheria ya bia kama apendavyo. Nchi itakayotaka kuwaiga ijiulize kwanza kama itaweza kuilipia kazi hii mara ya pili na ya tatu. Maana hesabu moja peke yake haionyeshi kama ulevi unapanda au unashuka.